Jina la Kumi na Tano

Mama yake Zlatina alikata roho alfajiri, na jambo la kwanza lililomjia Zlatina kichwani lilikuwa hesabu: wamebaki kumi na wanne. Hakulia. Alimfunga marehemu kidevu kwa kitambaa, akawaachia jirani zamu ya kukaa naye, akaenda kazini.

Kazini ni nyumba ya kusomea ya kijiji cha Drenovitsa, ambako yeye ni mkutubi, mfagizi, mpishi na mwandishi wa barua za kuomba ruzuku. Kwa miaka mitatu aliandika barua kumi na moja. Kumi zilijibiwa kwa adabu, yaani alinyimwa. Ya mwisho ilikubaliwa nusu: mfuko mmoja wa hisani wa mji mkuu, Sofia, ungelipia chakula cha mchana cha wazee majira yote ya baridi, mradi wawepo kumi na watano waliotimiza miaka sitini na mitano. Akipungua mmoja, ruzuku inakwenda kijiji kingine. Aliyetunga sharti hilo bila shaka hajawahi kukaa mahali ambapo watu hupungua kila mwezi. Na mkaguzi wa mfuko huo alikuwa anakuja siku hiyo hiyo, saa nne.

Zlatina alichapa tangazo la msiba lenye picha ya mama, kama alivyowachapia wengine wote. Desturi inataka libandikwe mlangoni papo hapo. Yeye akalitia kwenye mtoto wa meza, kisha akamwendea Mzee Penko, mpiga kengele wa kanisa.

"Mzee Penko, kengele ya msiba isilie kwanza. Mgeni akishaondoka, ndipo upige."

"Mama yako huyo, mwanangu! Watu watasemaje?"

"Watasema wameshiba."

Penko, ambaye bila supu ya ruzuku hiyo angekula mkate na chai hadi Machi, alikuna shingo. "Haya. Basi nitamletea mgeni maua, tumlainishe kidogo asichunguze sana."

"Hiyo si rushwa?"

"Rushwa ni kuku. Maua ni adabu."

Siku nyingine angecheka. Siku hiyo ganzi ilikuwa imemshika mwili mzima, wala hakuichukia, maana ilimwezesha kukata vitunguu vya supu kama siku zote.

Mkaguzi, Bi Ralitsa, alikuwa msichana mpole mwenye faili kubwa. Wazee walikuwa wameketi wamevaa nguo zao za Pasaka. Aliwaita mmoja mmoja mpaka akafika jina la mwisho. "Neda Vutova?"

"Mama yangu," alisema Zlatina. "Yuko nyumbani, hawezi kutoka."

Kila neno lilikuwa kweli, na hakuona aibu, hakuona chochote.

"Si kitu, nitampitia huko huko nyumbani."

Mzee Penko akainuka haraka, akatoa maua aliyoyaficha mgongoni. "Kwanza pokea, binti yangu. Karibu sana kwetu."

Mkono wa Bi Ralitsa uliishia njiani. Maua yalikuwa manne. Kwao, mtu aliye hai hupewa maua ya idadi witiri, kama matatu au matano. Shufwa ni ya maiti, na hata mtoto mdogo anajua. Penko naye anajua. Ila Drenovitsa haijaona arusi wala mtoto mchanga kwa miaka tisa, na mkono wake ulikuwa umezoea kukata maua ya makaburini tu.

"Mzee, unanizika?"

Penko akayatazama maua. "Mama yangu weee," akasema, akaketi. Bibi mmoja akafanya ishara ya msalaba.

"Nani amekufa?" Bi Ralitsa aliuliza taratibu.

"Mama," alisema Zlatina. "Leo alfajiri." Akaeleza yote, kwa sauti ile ile anayosomea majina ya wasiorudisha vitabu.

Bi Ralitsa akafunga faili. "Pole sana, mama. Lakini siwezi kumwandika marehemu."

"Najua."

"Wewe una miaka mingapi?"

"Sitini na sita."

"Sasa mbona hukujiandika?"

"Mimi mpishi."

"Kwani mpishi hali?"

Zlatina akapangusa mikono kwenye aproni. Haikuwahi kumpitia akilini kwamba na yeye ni mzee. Mtu mwenye mama nyumbani huwa mtoto, hata akiwa na mvi.

Bi Ralitsa akamsogezea fomu. Zlatina akaijaza upesi, maana fomu ndiyo kazi yake: jina, mwaka wa kuzaliwa, maradhi. Swali la mwisho liliuliza anaishi na nani. Akaandika "na mama", kama alivyoandika kwenye kila karatasi tangu shule.

Bi Ralitsa aliliona jibu hilo. Akampa fomu nyingine, safi.

Zlatina akaanza upya. Alipofika mwisho akaandika: peke yangu. Hapo ganzi ikamwachia, akalia kwa sauti mbele ya wote kumi na wanne, na hakuna aliyemwambia anyamaze.