Pipa la Matofalini

Lori lilikuwa limeshakata kona na kupotea ndipo nilipokumbuka kwamba kiatu changu cha breki kimo ndani yake, chini ya kabati, chini ya magodoro, na dada yangu amekaa juu ya vyote hivyo.

Niseme kwanza kiatu cha breki ni nini. Watoto wa mtaa ule hatukuwa na breki. Baiskeli zetu za BMX tuliziunga wenyewe kwa vyuma vya kuokota, fremu ya huku, rimu ya kule, na kitu cha kwanza kung'olewa kilikuwa breki. Fundi Spoki, mzee wa kutengeneza baiskeli aliyesimamia mashindano yetu, alikuwa akisema breki ni uzito wa bure na tena humfundisha mtu woga. Basi tulisimama kwa mguu wa kulia. Unaingiza soli kati ya fremu na tairi la nyuma, unakandamiza, inalia, inanuka, inasimama. Kila mmoja alikuwa na kiatu cha kazi hiyo. Changu alinishonea baba, ambaye alikuwa fundi viatu, kwa kipande cha tairi la gari, kinene kama mkate. Mama alisema nikikivaa natembea kama mtu mwenye mguu mmoja kwenye ngazi.

Siku hiyo tulikuwa tunahama. Baba alikuwa amepata kazi katika kiwanda cha viatu, mji wa mbali, safari ya siku mbili. Nami nilikuwa nimemwomba wiki nzima aniache nishindane mara ya mwisho. Akasema, "Lori litazunguka kuchukua mafuta, kisha litapita barabara ya chini saa nne. Ukiwepo utapanda. Usipokuwepo, msaidie mwenye nyumba kufagia."

Mama naye akanipa mfuko wa kitambaa. Ndani mlikuwa na viatu vya ngozi vya baba, vile vya kuripotia kazini. "Vibebe wewe, huko kwenye mizigo vitapondeka." Miguuni nilikuwa na ndala.

Mnaona ninakoelekea.

Uwanja wetu ulikuwa kiwanda cha matofali kilichokufa zamani, mashimo na vilima vya udongo mwekundu, uwanja mzuri kuliko wowote niliouona baadaye, na nimeona vingi. Mwisho wa njia lilisimama pipa tupu la lami. Anayeligusa kwanza kwa mkono ndiye mshindi, na Fundi Spoki humwandika jina palepale kwa rangi nyeupe. Jina la Cheche, binti wa mchomeleaji, lilikuwa limeandikwa mara kumi na moja. Kulikuwa hata na jina la mmoja aliyeshinda siku ambayo sisi wengine wote tulirundikana shimoni. Langu halikuwepo. Miaka mitatu nafika wa pili, na sasa naondoka. Sikutaka kingine duniani, nilitaka jina langu libaki kwenye lile pipa.

Nikavaa viatu vya baba. Vilikuwa vikubwa, nikavijaza magazeti.

"Kijiko," Cheche akaniita kwa jina langu la mtaani, "unaenda kuposa?"

"Nahama leo."

"Ndiyo umekuja kutuaga miguu imevaa suti?"

"Nimekuja kushinda."

"Karibu. Nafasi yako ya pili tumekuwekea, hakuna aliyeikalia."

Fundi Spoki akainua debe lake. "Njia mnaijua. Wa kuanguka aanguke pembeni, asizibie wenzake." Akaligonga.

Vilima vitatu vya kwanza sina la kusimulia, nilikula vumbi la Cheche kama kawaida yangu. Mambo yalikuwa kwenye kona ya tanuri. Pale kila mtu lazima apunguze, maana ukuta wa udongo umejipinda na ukizidisha mwendo unarushwa nje. Cheche akaingiza mguu, tairi lake likalia. Nami nikaingiza wangu.

Soli ya ngozi iliyong'arishwa na fundi inateleza kama sabuni juu ya sahani. Nilikandamiza, ikateleza. Nikakandamiza tena, nikasikia joto, kisha harufu ya ngozi inayoungua, na mwendo haukupungua. Sikuwa na la kufanya ila kupanda ule ukuta. Nikapita juu ya Cheche, juu kabisa, namwona utosi.

"Breki, we mwehu," akasema.

"Sina," nikamjibu, na hiyo ndiyo kauli ya mwisho niliyoitoa nikiwa juu ya baiskeli.

Mbele ulibaki mteremko na pipa. Nilinyoosha mkono. Mkono ukafika, na mwili mzima ukaufuata. Pipa likaanguka, likabingirika kuelekea barabara ya chini, nami nyuma yake nikishuka kwa makalio. Lori letu lilikuwa ndiyo kwanza linafika. Dereva akalisimamisha hatua tatu kutoka kwenye pipa, akachungulia dirishani. "Hili nalo ni mzigo wenu?"

Cheche akashuka mbio, akalipiga pipa kofi. "Nimeligusa. Yeye kaligonga kwa kichwa."

"Ni mkono," nikasema huku natema udongo.

Baba akateremka. Hakunitazama usoni, alitazama chini. Akachuchumaa, akanivua kiatu cha kulia, akapitisha kidole kwenye tundu la soli hadi kikatokea upande wa pili.

"Hivi ni vya kuripotia kazini."

"Ndiyo, baba."

Fundi Spoki alikuwa amefika akihema. Baba akamuuliza, "Mzee wangu, huyu ameshinda au hakushinda?"

"Kama ni mkono, ameshinda. Kama ni kichwa, hapana. Mimi nilikuwa mbali na macho yangu unayajua. Aliyekuwa nyuma yake ni huyu binti."

Wote tukamgeukia Cheche. Angeweza kusema lolote. Alijifuta vumbi mdomoni, akanitazama, akalitazama pipa lenye majina yake kumi na moja.

"Mkono," akasema. "Kichwa kilichelewa kidogo."

Rangi ilikuwa huko juu na dereva alishaanza kupiga honi. Baba akatoa mfukoni penseli yake nyeupe ya kuchorea ngozi. "Wanakuitaje hapa?"

"Kijiko."

Akapiga magoti barabarani, akaandika polepole, kwa herufi safi, kama anavyochora soli ya mteja. Cheche alimshikia pipa lisibingirike.

Baba alitia soli mpya njiani, lori liliposimama kupoza injini. Msimamizi wa kiwanda aliviona vile viatu akamuuliza nani fundi wake. Baba alifanya kazi pale miaka ishirini na sita, akastaafu, akafariki akiwa usingizini. Mama alimfuata baada ya miaka minne. Fundi Spoki alipofuka, wajukuu wakaendeleza duka. Matofalini pamejengwa maghala. Cheche alishindana na pikipiki za vumbi hadi alipovunjika nyonga, sasa ana karakana ya kuchomelea na mafundi watano. Dereva sikumwona tena. Mimi, tangu nilipotoka nyumbani kwa baba, sijawahi kukaa mji mmoja zaidi ya miaka mitatu. Sasa hivi niko kwa dada yangu, chumba cha uani, mpaka mvua zipite.