Mshenga Ashika Sahani

Ilikuwa Jumamosi, saa saba mchana; jua lilikuwa kali na upepo uliingiza vumbi la Nzuguni hadi sebuleni. Optatus, mtumishi wa wizara, alikuwa amekuja kumposa Yasinta. Mbele yake uliwekwa mlima wa ugali wa uwele, mlenda na nusu ya kuku.

Jasho lilimtoka. Mwaka uliopita alifanyiwa upasuaji wa kupunguza unene: daktari alimwachia kifuko cha tumbo cha ukubwa wa yai, akakiunganisha na utumbo. Yasinta alijua, wazee wake hawakujua. Na katika nyumba ile, mkwe aliyebakiza chakula alirudi alikotoka.

Optatus alimeza matonge matatu, akaishia hapo.

Shangazi Emiliana alishika kiuno. "Baba, chakula chetu kina kasoro?"

"Hapana, shangazi. Kitamu mno."

"Mbona unakionja kama dawa? Au umeshashibishwa na mchumba mwingine?"

Wanawake waliangua kicheko. Mzee Elieza, baba yake Yasinta, hakucheka. Optatus aliona posa inaota mbawa, akafungua kinywa ajieleze.

"Nyamaza," alisema Kefa, mshenga wake, ambaye alikuwa ameshamaliza sahani yake na kulegeza mkanda. "Mposaji hasemi. Nasema mimi." Akaueleza upasuaji wote.

"Amekatwa tumbo!" Mzee Elieza alishtuka. "Atafika harusini mzima?"

"Si jambo la mzaha, mzee. Wapo wanaovuja damu ndani, na wachache hufa. Yeye atameza vitamini maisha yake yote. Lakini kilo hamsini zimekwenda, na sindano za kisukari ameziacha."

"Kilo zikirudi?"

"Akirudia chipsi na soda, baadhi zitarudi."

Shangazi Emiliana aliinua kidole. "Maelezo tumeyapokea. Sahani bado imejaa. Kefa, wewe unasema kwa niaba yake?"

"Ndiyo, mama."

"Basi ule kwa niaba yake."

Kefa alicheka. Hakuna aliyecheka naye.

"Sahani ikiwa nyeupe," alisema Mzee Elieza, "binti tumetoa."

Kefa aliimaliza, akalala mkekani hadi jioni. Yasinta aliosha sahani huku akiimba. Shangazi Emiliana alikwenda kuwasimulia majirani. Optatus alimeza vidonge vyake. Mzee Elieza alimsindikiza mkwe wake hadi kwenye gari, akapapasa kitambi chake mwenyewe, akaomba kwa sauti ya chini namba ya simu ya daktari.