Doa Juu ya Kitanda

Tangu Raphaël afariki, mkewe Anastasie alilala chumba cha mbele, ambako alisikia watu wakipita kwenda soko la Baraka. Chumba cha nyuma, walicholala pamoja tangu waoane, alikifungua kwa kufagia tu. Siku moja, akifagia, aliona doa la rangi ya chai kwenye plafon, ile dari ya mbao nyembamba, juu kabisa ya kitanda. Mbao hizo Raphaël alizipigilia mwenyewe.

Alimpigia simu mwanawe Darius, anayeishi Lubumbashi. Darius alimwambia atafute fundi, kisha mtandao ukakatika. Anastasie hakupiga tena. Hakutaka mtu apande kule juu na nyundo. Alifunga mlango.

Mvua ilinyesha karibu kila siku. Asubuhi moja harufu ya uvundo ilimfikia jikoni. Alikuta doa limetambaa hadi ukutani, na ubao umebonyea kwa uzito wa maji. Alijaribu kusukuma kitanda, hakikusogea.

Ng'ambo ya ua aliishi Léoncie, mama wa Akimana, mkimbizi kutoka Burundi, ambaye alisalimiana naye tu kila mmoja akienda shambani. Anastasie alisimama mlangoni kwake, akabisha hodi.

"Mama Akimana, unisaidie kusogeza kitanda. Mu nyumba niko peke yangu."

Walikisogeza, wakaweka beseni. Léoncie alimshauri atoboe ule ubao, maji yashuke polepole kabla haujaanguka wote. Anastasie alipanda juu ya meza, mwenzake akaishika. Alipochoma kwa msumari, maji meusi yalimtiririkia mkono hadi kwapani.

Mvua ilipokatika alimwita Bertin, seremala wa jirani. Bertin aliona msumari wa bati umelegea, akaziba tundu. Lakini mbao nyingi zilikuwa zimeoza, akauliza kama azing'oe.

Anastasie alizitazama zile mbao.

"Uzitoe," alisema. "Bwana yangu angekuwa hai, angesha kuzitoa zamani."

Léoncie alimsaidia kubeba vipande hadi uani, kisha akarudi kwake kuwapikia watoto. Anastasie alitandika kitanda cha nyuma, akalala chini ya mabati matupu. Alilia, kwa sababu upande wa ukutani, alikolala Raphaël, ulikuwa baridi kama alivyoogopa.

Mvua ilirudi usiku huo, na hakuna tone lililoingia. Hakuwa na wa kumwambia. Kulipokucha alivuka ua, akamwambia Léoncie.