Mablanketi ya Nakapanya

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru, maduka yalichipuka mtaani Lizaboni kama uyoga, na msikiti nao ukapata wafadhili wa Arabuni. Wakaleta lori la mablanketi ya kijivu yenye mstari wa kijani, sadaka ya wajane. Stumai alikuwa miongoni mwa wanawake walioyabeba kichwani mpaka stoo. Julai ikaingia na baridi yake, na mama yake, mjane, akawa analala akikohoa chini ya kanga mbili. Stumai akamwendea Mzee Abasi, msimamizi wa sadaka.

“Shikamoo, Mzee. Mablanketi ya wajane vipi?”

“Yamekwenda Nakapanya, mwanangu, kwenye dhiki zaidi. Na sadaka ni siri. Ukiihojihoji unaiharibu.”

Mama yake aliposikia, aliona aibu. “Umekwenda kumhoji mtu mzima? Nani kakufunza?”

Kabla baridi haijapungua, Mzee Abasi akafiwa na kaka yake. Asubuhi Stumai alipofika matangani na sufuria ya uji, ua mzima ulikuwa wa kijivu. Wageni wameuzunguka moto, kila mmoja kajifunika, mstari wa kijani begani.

Akatua sufuria. Akamwendea Mzee Abasi mwenyewe, akalivuta blanketi mabegani mwake.

Watu wakaangua kicheko. Stumai ni Myao, Mzee Abasi Mngoni, makabila yanayotaniana. Mtani msibani anaweza kumnyang'anya mfiwa hata kofia.

“Mvue na kanzu!” akapaza sauti Honorata, jirani Mkatoliki aliyekuwa akipepeta mchele. “Mngoni gani huyu anaogopa baridi?”

“Nakapanya imehamia hapa lini, Mzee?” Stumai akauliza. “Haya ni ya wajane. Nimeyabeba kwa kichwa hiki.”

Kicheko kikakatika. Aliyebaki akitabasamu ni Mzee Abasi peke yake.

“Mtani ana ulimi huyu! Haya, mpelekee mama hilo. Sema tu ulikuwa utani, utuombe radhi wafiwa, yaishe.”

“Sema, mdogo wangu,” Honorata akamnong'oneza. “Mama apate joto.”

Blanketi moja, na mengine yote yabaki mabegani mwa wageni, huku mji ukisimulia jinsi Stumai alivyochekesha matangani. Na alimjua mama yake: hata hilo moja angeweza kulirudisha, kwa kuwa limekuja na ugomvi.

Akalikunja, akaliweka kichwani kama siku ile ya lori.

“Haukuwa utani, Mzee. La mama nimechukua, ya wenzake unayo. Radhi siombi.”