Aliyeitwa Darajani

"Ngoja basi nimalizie huo mkono," Rosebella alisema, lakini Shivachi alikuwa ameshaingiza kichwa ndani ya sweta.

Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa tatu, saa kumi na mbili na robo asubuhi, katika nyumba yao ya kupanga huko Kayole, Nairobi. Sweta ilikuwa ya rangi ya damu ya mzee, imefumwa kwa nyuzi zilizobaki kwenye oda ya shule. Mkono wa kulia ulikuwa tayari. Wa kushoto haukuwa na ukingo. Uzi ulining'inia kama mkia wa panya.

"Nitarudi uumalizie," alisema. "Kazi yenyewe ni ya siku moja. Kupitisha nyaya za stima tu, pale Ruai."

"Itakufumukia njiani."

"Ikifumuka, utafuata uzi mpaka nilipo." Akacheka. Akamgonga binti yao mkubwa, Beverly, kichwani kwa kidole, akamvutia Edah blanketi mpaka kidevuni, akatoka.

Simu yake ilizimika saa nane mchana. Haikuwaka tena.

Mwenye kazi kule Ruai alisema hakumwona. Polisi waliandika jina, wakamwambia mkewe asubiri. Rosebella alizunguka hospitali, kisha vyumba vya maiti, na kila walipomfunulia shuka alitazama kifua kabla ya uso. Kifua cha Shivachi kilikuwa inchi thelathini na nane. Macho ya Rosebella, mfumaji wa sweta, yalikuwa yamepima vifua kwa miaka kumi na miwili na hayakuhitaji futi. Huyu thelathini na sita. Huyu arobaini na mbili. Si yeye. Alirudi nyumbani, akakaa mbele ya mashine yake ya kufuma, akaendelea na sweta za watoto wa watu.

Miaka miwili ikapita hivyo. Jioni, jua likielekea kuzama, komeo la mlango lilikuwa likiinuka kidogo na kushuka, kama linavyofanya mtu anapojaribu kama mlango umefungwa. "Ni upepo," Rosebella aliwaambia wasichana. Christine, jirani wa mlango wa pili, alilisikia pia. Hakusema ni upepo wala hakusema si upepo.

Kodi ilipandishwa mara mbili. Mkono mmoja haulei watoto Nairobi, na Rosebella aliona wazi kwamba itabidi ahame kaunti. Alipata nyumba ya vyumba viwili huko Amalemba, pembeni mwa mji wa Kakamega, kwa chini ya nusu ya kodi ya Kayole. Shule za huko zilitaka sweta, na Malinya, kwao Shivachi, hakukuwa mbali. Hesabu ilikubali. Kilichokataa ni kitu kingine.

"Na baba akirudi?" Beverly aliuliza. Alikuwa na miaka kumi na tatu na maswali yake hayakuwa na pembe za kukwepea. "Atapata watu wengine ndani."

Rosebella aliandika nambari yake ya simu kwa kalamu nzito juu ya fremu ya mlango. Akampa Christine nambari hiyohiyo kwenye karatasi.

Siku moja kabla ya safari, mama mkwe wake, Navalayo, alipiga simu kutoka Malinya.

"Mkivuka maji, umwite," alisema. "Kila daraja, kila njia panda. Umwambie tunapita hapa, twende. Usipomwita atabaki huko kwa wageni."

"Mama, hivyo ndivyo anavyoitwa mtu aliye ndani ya jeneza."

"Ndivyo."

"Mimi sijaona jeneza."

"Mwanangu, mtu asiyezikwa hana pa kuketi. Mdogo wake Ingosi ako tayari kukata mgomba. Tutauzika kwa jina lake, tumalize."

"Na kama yuko hai? Nikimwita nitakuwa nimemuua kwa mdomo wangu."

Navalayo akasema, "Nipe mtoto nimsalimie," na Rosebella akampa Beverly simu, akarudi kufunga vyombo.

Lori dogo lilikuwa la mtu aitwaye Wekesa, mnene, mcheshi, aliyetafuna miwa njia nzima na kutupa makapi dirishani. Walikaa wanne mbele: yeye, Rosebella, Edah mapajani, na Beverly kwenye dirisha. Walivuka madaraja mengi. Kila mara Rosebella alifumba mdomo kama mtu aliyetiwa maji ya moto.

Baada ya Chavakali barabara iliteremka. Mto Yala ulionekana chini, mwekundu kwa mvua. Lori lilipoingia darajani, Beverly alitoa kichwa nje.

"Baba! Tunavuka maji! Twende!"

Rosebella alimvuta kwa kola. Neno lilikuwa limeshatoka. "Nani amekutuma?"

"Kukhu." Ndivyo wasichana walivyomwita nyanya yao Navalayo. "Alisema wewe hutaita."

Wekesa alipunguza mwendo. Alivuka, akaegesha ng'ambo ya pili, akaacha injini ikinguruma. Alishuka, akaenda nyuma, akafungua mlango wa lori. Walimwona kwenye kioo cha pembeni: amesimama tu, mikono nyuma, kama utingo anayengoja abiria mwenye mizigo. Kisha akafunga taratibu, bila kuubamiza, akarudi usukani.

"Ni nini hiyo, Wekesa?"

"Mama Beverly, mimi hubebanga maiti pia. Mtu akiitwa, unamngojea apande." Aliitupa nje miwa iliyobaki. Hakutafuna tena mpaka Amalemba.

Walishusha vitu kabla ya saa kumi. Jirani mpya, mwanamke mzee aitwaye Rachael, muuza mboga aliyestaafu lakini bado hajaacha kuuza, aliwaletea ugali na mrenda uliochanganywa na kunde.

"Mulembe, mama. Karibuni Amalemba. Hapa maji ni Jumatatu na Alhamisi, na wezi ni siku zote." Alicheka peke yake, akaweka sahani chini moja moja. Zilikuwa tano.

"Tuko watatu, mama. Dereva ameshaenda."

"Na baba yao? Hali chakula?"

"Baba gani?"

"Si yule amebaki kwa geti. Nimemwambia karibu, akaangalia chini. Nikasema huyu anangoja mkewe ndiye amkaribishe." Rachael alimtazama Rosebella usoni, kisha akaokota sahani mbili polepole. "Labda ni mpita njia," alisema.

Getini hakukuwa na mtu. Mwanga wa jua ulikuwa mweupe, na mbuzi wa mtu alikuwa akila boksi la vyombo.

Wiki iliyofuata Rosebella alifunga mashine kwenye meza karibu na dirisha, akaanza oda ya shule moja ya msingi: sweta arobaini, namba ishirini na nane. Alisukuma kichwa cha mashine huku na huku, shwaa, shwaa, akihesabu safu bila kuhesabu, kama kawaida yake. Siku ya tatu Edah aliinua mkono mmoja wa sweta uliokuwa umekamilika.

"Mama, huyu mtoto ana mkono mrefu hivi?"

Ulifika kutoka bega la Edah hadi chini ya goti. Rosebella aliutandaza mezani na kuupima kwa futi, ingawa hakukuwa na haja. Ulikuwa mkono wa mwanamume. Mkono wa kushoto, una ukingo, umefungwa uzi vizuri mwishoni. Hakukumbuka kuufunga.

Jioni hiyo alimpigia Christine.

"Hakuna mtu amekuja kuuliza," Christine alisema. "Lakini wacha nikwambie kitu, Mama Beva, usiogope. Lile komeo. Tangu mhame halijainuka tena. Kumetulia mpaka tunalala vibaya."

Rosebella alishukuru, akakata simu, akaketi. Kwa miaka miwili alikuwa amelichukia lile komeo. Sasa alielewa kwamba alikuwa akilitegemea. Kama kilichokuwa kikijaribu mlango Kayole kimeondoka Kayole, na kiliondoka siku kilipoitwa darajani, basi hakuwa mtu aliyepotea akitafuta nyumba. Mtu hai haitikii wito akiwa maili mia mbili kutoka mtoni.

Hakulia. Aliinuka akawaosha watoto miguu.

Jumanne iliyofuata, saa tatu asubuhi, wasichana wakiwa shuleni, Rachael alipita na kapu lake la mboga.

"Bado amesimama," alisema, hakugeuka. "Mimi ni mzee, sisemi uongo kwa sababu sina wakati wa kuukumbuka. Mkaribishe, au umwambie aende. Kusimama kunachosha hata hao."

Rosebella alivua aproni. Alivaa leso, akatwaa ule mkono wa sweta, akaenda mpaka getini. Palikuwa na barabara ya vumbi, mlingoti wa stima, na kivuli cha mlingoti. Pembeni mwa kivuli hicho nyasi zilikuwa zimelala, mahali pa miguu miwili.

"Baba Beverly," alisema. Akasogea karibu na nyasi zilizolala. "Baba Beverly. Hapa siwezi kukukaribisha. Hii ni nyumba ya kupanga, mwenyewe yuko Kisumu. Hapa si kwako. Twende nikupeleke kwenu."

Alitembea hadi stendi ya bodaboda, hakutazama nyuma. Kijana wa kwanza kwenye foleni, mwenye koti la mvua lililokatwa mikono, alipiga pikipiki teke ikawaka.

"Malinya? Sawa, mathe. Ni wewe tu?"

"Tuko wawili."

Kijana aliangalia kulia, akaangalia kushoto. Aliangalia leso yake, na kile alichokikumbatia kifuani. Kicheko kilichokuwa kikimjia kikarudi kilikotoka. Alivua kofia, akaivaa tena, akasogea mbele mpaka tumbo likagusa tangi la mafuta.

"Kaa hapa katikati," alisema. "Uache nafasi huko nyuma."

Hawakwenda mbio. Mukumu, watu walikuwa wakitoka misa ya asubuhi, na Rosebella alijua wanamsikia. Aliita hata hivyo. "Baba Beverly, hapa ni Mukumu, tunapita." Wanawake wawili waliacha kuzungumza, wakasimama kando ya barabara vichwa vimeinama, kama wanavyosimamia gari la maiti. Khayega akaita. Sigalagala, walipokata kulia kuacha lami kubwa, kijana alipunguza mwendo mwenyewe kabla hajaambiwa, akangoja. "Baba Beverly, hapa tunakata kulia. Unapajua hapa. Ulinionesha hapa mara ya kwanza nikiwa bibi harusi, ukaniambia usiogope mama yangu, anabweka tu."

Bega la kijana lilitikisika. Alikuwa anacheka, au analia. Mgongoni, pale palipoachwa wazi, Rosebella hakuhisi uzito wala joto. Alihisi tu kwamba upepo haumfikii.

Walipofika alitoa nauli ya watu wawili. Kijana alirudisha nusu.

"Huyo mwingine si mzito," alisema, akageuza pikipiki akaondoka bila kuwasha injini, akiisukuma kwa miguu mpaka nje ya boma.

Navalayo alikuwa kwenye benchi mbele ya nyumba, akipepeta maharagwe. Alimwona Rosebella akija peke yake kwenye njia ya miguu. Aliweka ungo chini. Alisogea mwisho kabisa wa benchi, akaacha nafasi ya watu wawili, akaipangusa kwa kiganja.

Wakakaa. Kuku walipita.

"Amechoka," Navalayo alisema.

"Amesimama sana, mama."

Ijumaa, Rosebella akiwa amerudi Malinya na wasichana, Ingosi, mdogo wake Shivachi, aliingia shambani na panga. Wanaume wanne walimfuata. Waliulaza mgomba kwenye nyasi, wakaanza kubishana.

"Kaka alikuwa mrefu kuliko huu."

"Mrefu wapi! Alikuwa anavaa viatu vya kisigino kwa sababu yako."

"Shemeji, njoo utuamulie. Na usimpendelee."

Rosebella alichutama, akatoa futi mfukoni. Aliizungusha kwenye shina pale kifua kingekuwa, akavuta mpaka ikabana, akasoma. Akarudia.

"Vipi?" Ingosi aliuliza.

"Thelathini na nane."

Hakuna aliyebishana tena. Waliukata urefu aliouonesha yeye, kutoka alipoweka kidole gumba chini hadi kwenye alama ya kucha aliyoikwaruza juu. Alifuma siku nzima na usiku wa kuamkia Jumamosi kwa sindano mbili za mkono, kifua na mgongo na mkono wa kulia, akaunganisha na ule wa kushoto. Beverly alimshikia uzi. Mtoto aliuliza mara moja tu.

"Ni mimi nilimuua, mama? Pale darajani?"

"Hapana." Rosebella hakuacha sindano. "Wewe ulimletea usafiri. Mimi ndiye nilimwacha amesimama."

Waliuvika mgomba sweta, wakaulaza ndani ya jeneza, wakazika Jumamosi saa nane, karibu na kaburi la baba yake. Padri alikuja, akasoma, hakuuliza ndani mna nini.

Mgomba huoza upesi kuliko mtu. Kufikia mwezi wa kumi na mbili udongo ulikuwa umetitia kiasi cha shubiri mbili. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi Rosebella huenda Malinya na wasichana. Ingosi huwachimbia udongo kando ya uzio, wao hubeba kwa karai, karai nne au tano, na kujazia.