Tulipu ya Kumi

Jagna aliporudi kutoka kwa rafiki yake Fenna hakuvua hata koti. Alinyoosha moja kwa moja hadi jikoni, akanyakua kipande cha mkate kilichobaki asubuhi, akakibugia kikavu hivyo hivyo.

"We mtoto, taratibu, utapaliwa," alisema Bogna, mama yake. "Kwani kwa kina Fenna hukula?"

"Wao walikula."

"Na wewe?"

"Mimi nilikaa kwenye ngazi na kitabu cha picha. Mama Fenna alisema wakimaliza tutaendelea kucheza."

Alisema bila kulalamika, kama mtu anayekuambia nje kunanyesha. Lakini kisu cha viazi kilimtulia Bogna mkononi. Kwenye ngazi! Mwanawe, akinusa nyama ya watu kama paka wa jirani!

Bibi Genowefa, mama mkwe wake, alifanya ishara ya msalaba. Alikuwa amekuja kutoka kijijini kwao Poland kumsaidia kulea, kwa kuwa Mirek, mume wa Bogna, alikuwa dereva wa lori na nyumbani alipita kama mgeni. "Hata kiazi?" aliuliza. "Hata kiazi kimoja?"

"Ndio Waholanzi hao, mama. Wanafungua kopo la biskuti, unachukua moja, wanafunika. Ukitaka ya pili, ukazaliwe upya."

"Huo si Uholanzi, mwanangu. Angekuwa mtoto wa daktari mwenzao angevutiwa kiti. Wamemwona wa mabandani."

Neno hilo likamchoma Bogna. Kweli alikuwa wa mabandani. Kutwa nzima alisimama katika banda la vioo akifunga maua ya tulipu kumi kumi kwa utepe wa mpira, huku Liesbeth, mama yake Fenna, akitibu meno ya watu na kuishi kando ya mfereji, katika nyumba ya matofali yenye madirisha mapana yasiyo na pazia, kana kwamba anasema: tazameni, sina cha kuficha. Tena alimwita "Bogna" kavukavu tangu siku ya kwanza, bila bibi wala mama fulani, kama anavyoitwa mtumishi.

Angempiga Jagna marufuku kurudi kule, yakaisha. Lakini tangu wahamie huku, mtoto alikuwa bubu shuleni. Mwalimu alimsemesha, akatazama sakafu. Mpaka siku moja Fenna, binti mwenye pengo mbele, akamshika mkono uwanjani na kuanza kumtajia vitu: hili dimbwi, huyu bata, hii pua yako. Sasa Jagna aliota kwa Kiholanzi. Kumnyang'anya Fenna ilikuwa kumnyang'anya ulimi.

"Basi Fenna aje huku," Bogna aliamua. "Tuwaonyeshe mgeni anavyopokewa."

Jumatano, siku ya shule kufungwa mchana, Fenna akaja. Bibi Genowefa alikuwa ameamkia kukanda unga wa pierogi, vile vifuko vya viazi na jibini vinavyochemshwa kisha kukaangwa kwa siagi na vitunguu. Fenna alikula, akaongezwa. Akasema ameshiba, akaongezwa tena, maana bibi hakujua Kiholanzi na kwa Kipolandi neno "nimeshiba" la mgeni halina maana yoyote. Alirudi kwao kwa baiskeli akiyumba kama bata.

Kesho yake Liesbeth akabisha hodi. Alisimama kizingitini, mrefu, ufunguo wa gari ungali mkononi.

"Bogna, habari. Jana Fenna hakugusa chakula cha jioni. Sisi hula pamoja, saa kumi na moja na nusu. Naomba wakati mwingine uniulize kwanza kabla hujamlisha."

Kiholanzi cha Bogna kilikuwa cha bandani: beba, funga, haraka, kesho. Lakini hayo aliyaelewa yote, na yaliyokuwa yakichemka moyoni yakafurika.

"Mimi nikuulize? Mimi nalisha mtoto! Wangu alikaa ngazi! Nyinyi nyama, yeye ngazi!"

Liesbeth akawa mwekundu hadi masikioni. "Lakini sikuwa nimekuuliza! Kumpa mtoto wa mtu chakula cha jioni bila kumwambia mama yake... ni kama kusema kwake hakuna. Na wewe, kwa kazi yako, niliogopa ndivyo utakavyodhani. Kwamba nakuonea huruma."

"Kwa kazi yangu," alirudia Bogna polepole.

Liesbeth aliutazama ufunguo mkononi. Kisha akaaga, na gari likaondoka.

Jumatano iliyofuata hakuna aliyekwenda kwa mwenzake. Wala hakuna aliyekataza. Kila mama alingoja mwenzake aanze. Shuleni, watoto wananusa ugomvi wa wakubwa kama moshi: Fenna akacheza kamba na wengine, Jagna akarudia kutazama sakafu. Mwalimu alipompigia simu, Bogna alikuwa bandani, vidole vimelowa utomvu. Alisikiliza, akasema asante, akaendelea kufunga. Mbona yule mwanamke hakusema tu jambo hilo tangu mwanzo? Na mimi, alijiuliza, mbona niliona ngazi nikaona dharau papo hapo? Kwani nani alinifundisha kwamba Mholanzi ni bahili? Hao hao waliomfundisha Mholanzi kwamba Mpolandi ni mlevi. Mirek wangu hanywi hata bia ya Krismasi.

Jumamosi alasiri kengele ililia. Jagna ndiye aliyefungua. Alikuwa Liesbeth, na Fenna nyuma yake akichungulia. Liesbeth alinyoosha shada la tulipu nyekundu, bado limefungwa mpira.

Bibi Genowefa alitupa jicho moja, midomo ikacheza: mbili, nne, sita... "Yesu na Maria! Kumi! Huyu ametuletea maua ya kaburi!"

"Anasemaje?" Liesbeth aliuliza, rangi ikimpotea.

Bogna alitazama mpira ule, na ile namna ya kuukunja mara mbili. Labda ni yeye mwenyewe aliyeufunga. Kicheko kikamtoka bila ruhusa. Alitafuta maneno, akayakosa. Ndipo Jagna, aliyekuwa akitazama sakafu wiki nzima, akainua uso na kusema kwa Kiholanzi kilichonyooka:

"Bibi anasema maua ya shufwa ni ya mtu aliyekufa. Ya mtu mzima wa afya lazima yawe witiri."

"Mungu wangu," alisema Liesbeth. "Kwetu yanauzwa kumi kumi!"

"Najua," alisema Bogna. "Mimi nafunga." Akachomoa tulipu moja, akampa Liesbeth. "Hii yako. Sasa hakuna maiti."

Liesbeth aliipokea, akacheka kwa kushtukia, mkono mdomoni. Akapiga hatua ndani, na Bibi Genowefa akamzuia papo hapo kwa ndara za kitambaa, zile za wageni. Kwa Wapolandi viatu vya nje haviingii ndani. Liesbeth alisita. Alivua kiatu kimoja, polepole, kisha cha pili. Kidole gumba cha mguu wa kulia kilikuwa nje kabisa ya soksi.

Liesbeth akakikunja, akijaribu kukificha.

"Huku hatuvui viatu," Liesbeth alisema kwa sauti ndogo. "Hakuna anayeona."

Bibi aliinama, akatazama kile kidole cha daktari kwa makini, kisha akampigapiga Liesbeth begani. "Mwambie," alimwambia mjukuu, "alete hiyo soksi niishone. Na akae, chai iko tayari."

Jagna akatafsiri yote. Akaulizwa, akajibu, akaulizwa tena, na Bogna alisimama na tulipu tisa kifuani akimsikiliza mwanawe anavyotiririka.

Jumatano iliyofuata, saa kumi jioni, simu ililia.

"Mama Jagna?" Ilikuwa sauti ya Liesbeth, ikilitamka jina hilo kwa uangalifu kama mtu anayejaribu kiatu kipya. "Jagna anaweza kula kwetu leo?"

"Anaweza," alisema Bogna. "Asante."

Bibi Genowefa alikuwa akimtazama kutoka kwenye jiko. "Watampa nini?"

"Viazi, mama, na maharage mabichi. Na nyama kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Mama!"

Bibi akageukia kabati. Alichukua sahani, akapanga pierogi, akaifunika kwa sahani nyingine na kuiweka juu ya jiko, pale palipo na joto.