Kimya cha Malkia

Kikundi chetu cha maigizo kina waigizaji wengi na mkumbushaji mmoja tu, ambaye ni mimi. Nakaa nyuma ya pazia na mchezo mzima mapajani, na mtu akisahau maneno yake namnong'onezea. Hakuna anayenipigia makofi, nami siyadai. Mke wangu ndiye waliyempigia mpaka viganja vikawaka moto.

Kikundi kizima kinamwita Malkia. Katika mchezo wetu mkubwa yeye ndiye aliyekuwa mama anayemngoja mwanawe aliyepotea miaka mingi. Mwishoni kabisa mwana anasimama mlangoni. Mama anainuka, anamsogelea akichechemea, anamtazama, ananyamaza. Kisha anasema: "Chakula kimepoa, lakini kipo." Hapo hata wanaume wazima hutafuta leso. Mwandishi mmoja wa gazeti aliwahi kukisifu kimya kile karibu ukurasa mzima, na mke wangu akaikata ile karatasi akaibandika ukutani.

Goti lilipomshinda, mwongozaji alimpa nafasi hiyo binti wa mdogo wa mke wangu, binti ambaye ni fundi cherehani na aliyeitamani tangu utotoni, siku zile alipokuwa akikaa sakafuni mbele ya jukwaa kwa kuwa viti ni vya wakubwa. Binti akajifunza kila kitu cha mama yake mkubwa: kuchechemea, kukohoa, kukunja mikono mapajani, na zaidi ya yote kile kimya. Alikuja mpaka nyumbani kuuliza kiwe kirefu kiasi gani. Mke wangu akajitia hamnazo, akamwambia moyo wake utamwelekeza. Mimi nilikuwa natazama dari.

Mwongozaji hakuridhika. Alimwambia binti mbele yetu sote, bila ukali, kwamba anachokiona ni Malkia aliyepunguzwa umri, na Malkia anamjua tayari. Kama kwenye mazoezi ya mwisho hatamwona mtu mwingine, nafasi itakwenda kwa mwenzetu mmoja, mwalimu wa shule, ambaye maneno ameshayakariri. Binti aliitikia kwa adabu, akarudi kuchechemea kwa bidii zaidi. Iliniuma, maana nampenda kama mtoto wa kumzaa, na nilimwona anavyozidi kuzama.

Kesho yake tulikuwa wawili tu ukumbini, yeye jukwaani, mimi mahali pangu. Akafika mwisho, akainuka, akachechemea, akanyamaza. Akanyamaza sana. Nami, kwa mazoea ya nusu ya maisha yangu, nikanong'ona: "Chakula kimepoa."

Akageuka, uso umemshuka. "Baba mkubwa, mimi sijasahau."

"Najua, mwanangu. Aliyekuwa anasahau ni mama yako mkubwa."

Ulimi ulishateleza, ikabidi nimalizie. Malkia aliujua mchezo wote, hata maneno ya wenzake, na akikosea mtu alimrekebisha kwa jicho. Lakini hayo maneno manne yalimtoka kila alipomwona mwana mlangoni. Alinyamaza kwa sababu alikuwa ananisubiri mimi. Kuchechemea kulitokana na goti lake. Hakuna popote palipoandikwa kwamba yule mama ana mguu mbovu. Kikohozi nacho kilitokana na vumbi la pazia, ambalo nimelilalamikia miaka yote bila mtu kunisikiliza.

Binti alikaa ukingoni mwa jukwaa akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha kicheko kikaisha na machozi yakabaki. "Kwa hiyo miezi yote hii nimejifunza maumivu ya goti," akasema. Akaniuliza sasa amebaki na nini. Mimi ni mtu wa kunong'ona maneno ya wengine tu. Nikamuuliza lililonijia: mumewe akichelewa kurudi, yeye huwa anafanya nini?

"Nashona," akasema. "Nikikaa bure nitaingia wazimu."

Siku ya mazoezi ya mwisho Malkia alikuja, akakaa kiti cha mbele, mguu ameunyoosha. Alishajua kutoka kwangu kwamba siri imetoka. Alininunia asubuhi nzima, hata chai nikajimiminia mwenyewe.

Binti hakukunja mikono. Alilitungua shati la mwana, ambalo siku zote lilining'inia ukutani kama pambo, akaanza kulikaza vifungo. Alishona mchezo mzima. Aligombana na majirani huku uzi uko mdomoni, akawajibu bila kuinua macho. Mwana aliposimama mlangoni, hakuinuka. Alimtazama mabegani, vile fundi anavyompima mteja kwa macho, akalitazama shati, akaona kwamba halitamtosha tena. Akaacha kushona. Akasema hapo hapo, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Chakula kimepoa, lakini kipo."

Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo, nikaufunga. Nikajikuta nalia, na leso sikuwa nayo.

Mwongozaji hakusifu kitu. Si tabia yake. Alifuta miwani yake, kisha akamwambia binti aondoke na lile shati akalitunze kwake, maana atalihitaji kila siku. Binti akalikumbatia na sindano yake mle mle.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, polepole, mke wangu ameegemea mkono wangu. Nilimwomba radhi kwa kutoa siri yake. Akasema yaliyopita yamepita, na kwamba ile karatasi ya ukutani nisithubutu kuibandua.

"Miaka yote nimekuwa yule mama," akasema, "na leo ndiyo mara ya kwanza namwona."

Nikamuuliza kama amempenda. Akatikisa kichwa kukubali, kisha akacheka peke yake.

"Mwana aliposimama mlangoni, nilisahau tena."

"Hata ukiwa kwenye kiti?"

"Hata kwenye kiti. Nikaanza kukungoja wewe."